Krediti ya nyumba ya Michigan si deni: namna ya kujaza fomu MI-1040CR

Maneno ya kamati mbele ya mkutano wa wanachama hapa Baraka, ndugu wa Michigan wakisikiliza kwa simu. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.

Tunaomba walio karibu na spika wazime muziki. Leo mtandao hauko na nguvu.

Wengine humu ndani watauliza: sisi tuko Baraka, fomu ya kodi ya Marekani inatuhusu nini? Inatuhusu. Tulikimbia pamoja mwaka 1996 na mwaka 1998, tukakaa pamoja Lugufu na Nyarugusu. Kuanzia mwaka 2005 wengine wetu tukapanda meli Kigoma tukarudi nyumbani. Wengine wakabaki kambini, mwisho wakapata safari ya Marekani. Sanduku letu la matanga, la hospitali na la mabati linajazwa na pande zote mbili. Na kila mwaka, kati ya mwezi wa pili na mwezi wa nne, picha za makaratasi zinaanza kuingia kwenye WhatsApp: "Kamati, mutusaidie kusoma hii." Safari iliyopita picha nyingi zilikuwa za fomu moja ileile, na picha moja ilikuwa ya barua ya serikali inayotaka pesa irudishwe. Kati yetu wako waliokaa Michigan wakarudi, na fomu hiyo waliijaza kwa mikono yao. Kwa hiyo tumeona heri tukae nayo mara moja, kwa Kiswahili chetu, kila mtu asikie.

Tuanze na majina, juu majina ndiyo yaliyopoteza watu wengi. Juu ya karatasi imeandikwa "Homestead Property Tax Credit Claim", na namba yake ni MI-1040CR. Mutafute hiyo namba. Iko ndugu yake, MI-1040CR-7, ambayo ni ya kusaidia kulipia moto wa nyumba wakati wa baridi. Hiyo ni fomu nyingine, iko na tarehe yake nyingine, 30 Septemba, na mtu anaweza kuomba zote mbili. Leo tunasema juu ya ile ya kwanza.

Krediti. Sokoni kwetu, duka likikupa unga kwa krediti, unadaiwa. Mama mmoja wa Lansing alikataa miaka miwili kujaza fomu hii akisema: mimi sitaki deni la serikali, nilishatoka kambini bila deni la mtu. Tunamsifu kwa moyo huo, lakini pesa yake ilibaki kule. Katika fomu hii krediti maana yake ni kinyume: serikali ya jimbo la Michigan inakurudishia sehemu ya kodi ya nyumba iliyokulemea kuliko mapato yako. Hairudishwi tena kama ulisema kweli. Na haihitaji uwe umekatwa kodi ya mapato. Hata mtu asiyepaswa kujaza fomu ya mapato ya jimbo, ile MI-1040, anaweza kutuma MI-1040CR peke yake.

Kodi. Hapa Tanzania imetuchanganya kidogo. Kule Kigoma tulizoea kusema "kodi ya nyumba" kwa pesa unayompa mwenye nyumba kila mwezi. Halafu pesa ya serikali nayo ni kodi. Sasa mkalimani akisema "hii ni fomu ya kodi ya nyumba kwa wenye nyumba na wapangaji", mmoja anaelewa hivi, mwingine anaelewa vile. Leo tutasema pango kwa pesa ya mwenye nyumba, na kodi kwa pesa ya serikali. Basi.

Mpangaji hapeleki kodi ya nyumba serikalini kwa mkono wake. Lakini sheria ya Michigan inakubali kwamba ndani ya pango lako mna kodi ambayo mwenye nyumba ataipeleka. Inahesabu asilimia 23 ya pango ulilolipa kama kodi yako wewe. Ndiyo maana mpangaji anaomba sawasawa na mwenye nyumba. Wengi wetu waliambiwa "property tax", wakasema mimi sina nyumba, wakaweka karatasi pembeni.

Na homestead ni makao: nyumba unayolala, iliyoko Michigan, moja tu. Kuna ndugu aliyetuuliza kama pesa aliyotumia kununua mabati na saruji kwa nyumba anayojenga hapa Baraka inaweza kuingia. Hapana. Nyumba ya Baraka ni yako, Mungu akusaidie uimalize, lakini fomu hii haiitambui.

Sasa hesabu. Tuchukue jamaa ya baba, mama na watoto wanne. Wanapanga kwa dola 1,200 kwa mwezi, ndiyo dola 14,400 kwa mwaka. Asilimia 23 yake ni dola 3,312. Hiyo ndiyo kodi yao kwa macho ya sheria. Mapato yote ya baba na mama kwa mwaka ni dola 38,000. Serikali inasema: asilimia 3.2 ya mapato ubebe mwenyewe, na hiyo ni dola 1,216. Toa 1,216 kwa 3,312, inabaki 2,096. Kwa mtu wa kawaida wanarudisha asilimia 60 ya kilichobaki. Inakuwa dola 1,257 na senti 60.

Dola 1,257! Na hiyo ni jamaa ya kawaida kabisa, watu wa kiwanda.

Kwa fomu ya mwaka 2024, mwisho wa mapato ni dola 69,700. Ukipita hapo, hakuna kitu. Ukipita 60,700 wanaanza kukata kidogo kidogo, asilimia 10 kwa kila dola 1,000 unayopanda. Na krediti yenyewe haipiti dola 1,800. Namba hizi zinabadilika kila mwaka. Mwaka 2023 mwisho wa mapato ulikuwa 67,300 na krediti haikupita 1,700. Kwa hiyo usichukue fomu ya mwaka mwingine ukajazia namba za mwaka huu.

Bon. Tuje kwenye barua ile ya kurudisha pesa.

Ndugu mmoja wa Kentwood, baba wa watoto watano, anakaa katika nyumba ambayo serikali inamsaidia kulipa pango. Kwenye mkataba imeandikwa dola 1,200. Yeye mwenyewe analipa 350, na kingine kinaenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Akaenda kwa mtu anayejazia watu fomu kwa kulipwa. Yule hakumuuliza swali hata moja juu ya msaada. Aliona mkataba, akaandika 1,200 mara 12.

Tufanye hesabu ya namna hiyo, mapato tuseme dola 18,000. Kwa 1,200, krediti inatoka dola 1,641 na senti 60. Lakini sheria inasema uandike pango ulilolipa wewe tu. Dola 350 mara 12 ni 4,200. Asilimia 23 yake ni 966. Toa asilimia 3.2 ya mapato, ambayo ni 576, inabaki 390. Asilimia 60 yake ni dola 234. Mnaona tofauti? Ni zaidi ya dola 1,400 ambazo hazikuwa zake. Alizipokea, akanunua tairi za gari, akatuma kidogo kwa sanduku letu, akalipa matanga ya shangazi. Halafu barua ikaja kuomba risiti za pango. Risiti zikasema 350. Sasa analipa kidogo kidogo, pamoja na riba. Yule aliyemjazia alishakula pesa yake ya kazi, na jina lake haliko popote kwenye karatasi. Sahihi ni ya ndugu yetu.

Kwa hiyo, wenye kusaidiwa pango, muandike kile kilichotoka mfukoni mwenu. Mutunze risiti za kila mwezi, au karatasi za banki. Kuna pia nyumba ambazo mwenyewe halipi kodi ya kawaida, analipa ada maalumu kwa mji badala ya kodi. Kwa nyumba za namna hiyo hawahesabu asilimia 23, wanahesabu 10. Mpangaji hawezi kujua kwa kuangalia ukuta. Uliza ofisi ya nyumba: hapa munalipa kodi ya kawaida, au ile ada? Waandike jibu. Na kama nyumba ni ya serikali na hailipi kodi yoyote, basi hakuna krediti ya kuomba.

Fomu itauliza pia anwani ya kila nyumba uliyokaa mwaka huo, jina na anwani ya mwenye nyumba, miezi mingapi, na pango la kila mwezi. Sisi watu wa kuhamahama, mtu anakaa nyumba tatu kwa mwaka. Andika zote tatu.

Sehemu ya pili inayoleta shida ni mapato. Fomu haiulizi mshahara tu. Inauliza kila kitu kilichoingia kwa mume na mke. Mshahara wa W-2, si ile iliyofika banki baada ya makato. Pesa ya kukosa kazi. Social Security na SSI. Pesa ya matunzo ya watoto kutoka kwa mzazi mwingine. Biashara ndogo, kuendesha watu kwa gari, kusuka nywele. Zawadi za pesa zikipita dola 300. Karata ya chakula haihesabiwi, wala krediti hii ya mwaka uliopita. Kama mumelipa wenyewe pesa ya bima ya matibabu, bila kukatwa kazini kabla ya kodi, iko mahali pa kuitoa.

Msaada wa pesa taslimu wa DHHS unahesabiwa kwa namna yake, na jamaa zilizofika karibuni zisikilize vizuri. Kama pesa yote ya mwaka ilitoka huko, hakuna krediti. Kama ni sehemu tu, krediti inakatwa kwa kipimo hicho. Wanakutumia karatasi ya mwaka inayoonyesha jumla. Usiitupe.

Sasa tuseme ukweli kati yetu, juu hapa ndipo kamati imeombwa mambo.

Kwanza, kuna mume aliyeandika mshahara wake tu, dola 22,000, akaacha wa bibi yake, 16,000. Alisema bibi anafanya usiku, kazi si ya kudumu. Kwa pango la 1,200, uongo huo unamletea dola 307 zaidi. Ni dola 307 ambazo kompyuta ya serikali inaziona siku yoyote, maana W-2 ya bibi nayo ilitumwa kwao na kiwanda.

Pili, wanaokaa pamoja. Kwetu mtoto wa yaya hafukuzwi. Anakuja, analala sebuleni, anapata kazi, anaanza kutoa dola 400 kwa mwezi. Nani anaomba krediti? Mtazame mkataba. Kama majina ya wote wawili yako kwenye mkataba, kila mtu anaomba kwa sehemu aliyolipa na kwa mapato yake. Kama jina ni moja, anaomba huyo mmoja, kwa pango lote, lakini anaongeza ile 400 ya kila mwezi kwenye mapato yake. Watu wanaogopa kuiandika. Tumepiga hesabu: mwenye mkataba aliye na mshahara wa dola 30,000, akiongeza hiyo dola 4,800 ya mwaka, krediti inashuka kutoka 1,411 hadi 1,319. Dola 92. Kijana naye asijaze ya kwake kwa nyumba ileile, maana serikali itaona anwani moja na pango moja likiombwa mara mbili. Na aliyekaa bure kwa kaka yake hana cha kuomba, amshukuru kaka.

Tatu, pesa munayotutumia sisi. Hili tunalisema tukiwa sisi wenyewe ndio tunaopokea. Pesa uliyotuma Congo haitolewi kwenye mapato. Ni pesa yako, ilipita mikononi mwako. Safari iliyopita tuliombwa na ndugu wawili tuandike barua kwamba michango yao ni pango la wazazi hapa Baraka. Hatukuandika, na hatutaandika. Tena tupige hesabu: aliyetuma dola 2,400 kwa mwaka mzima, akiitoa kwa uongo kwenye mapato, anapata zaidi dola 46. Mtu atie sahihi juu ya uongo, na muhuri wa chama chetu, kwa dola 46! Wanaosubiri uraia wajue pia kwamba fomu ya uraia inauliza kama unadaiwa kodi, ya nchi, ya jimbo au ya mji. Risiti ya mchango wako tutakupa siku zote. Itasema mchango, kiasi na tarehe.

Mzee mmoja hapa mbele ameuliza: na mwanangu ambaye bibi yake alibaki Nyarugusu, anaandika kwamba hana bibi? Hapana, mzee. Bibi aliyebaki Nyarugusu ni bibi. Aseme ameoa, na mwenye kumsaidia kujaza aambiwe hivyo kabla ya kalamu kugusa karatasi, maana kuna namna ya kuandika watu waliotengana na bahari.

Wazee. Hapa pesa nyingi inalala. Karibu na mwanzo wa fomu kuna kisanduku cha kuweka alama kama una miaka 65 au zaidi, na kingine cha vipofu, viziwi, waliopooza, na wenye ulemavu wa kudumu wasioweza kufanya kazi. Watoto wanajaza haraka haraka, wanaruka kile kisanduku. Angalieni kinachopotea. Mama mzee anakaa peke yake, pango dola 500 kwa mwezi, anapokea dola 11,000 kwa mwaka. Asilimia 23 ya pango lake ni 1,380, toa 352, inabaki 1,028. Bila alama anapata asilimia 60, ndiyo 616. Akiweka alama, kwa kuwa mapato yake hayapiti dola 21,000, wanarudisha yote, 1,028. Tena kwa mpangaji mwenye miaka 65 iko hesabu nyingine: pango likipita asilimia 40 ya mapato, anaweza kupewa kile kilichopita. Asilimia 40 ya 11,000 ni 4,400. Pango ni 6,000. Kilichopita ni dola 1,600. Anachukua kilicho kikubwa kati ya hizo hesabu mbili. Kutoka 616 mpaka 1,600, kwa sababu ya alama moja na ukurasa mmoja wa hesabu. Wale wenye mama zao Lansing, leo jioni mumpigie mumuulize nani alimjazia.

Na tarehe ya kuzaliwa iwe ile iliyo kwenye makaratasi ya Marekani. Munajua wote jinsi kambini tulivyoandikwa 1 Januari. Hata kama mama anajua alizaliwa wakati wa mavuno, fomu ifuate kitambulisho.

Walionunua nyumba wako wachache lakini wanaongezeka, kwa hiyo tupite kwa upesi. Kwenye bili ya kodi ya nyumba kuna thamani zaidi ya moja. Munatafuta "taxable value", si bei muliyonunua, wala si "assessed value". Kwa mwaka 2024 isipite dola 160,700. Bili ni mbili, ya kiangazi na ya baridi. Jumlisheni kodi iliyotozwa kwa mwaka huo, hata kama banki ndiyo inayolipa kutoka kwenye malipo yenu ya kila mwezi. Faini ya kuchelewa haiingii. Aliyepanga nusu ya mwaka halafu akanunua anajaza pande zote mbili kwa muda wake.

Kuna karatasi nyingine ya wenye nyumba ambayo haina uhusiano na krediti hii, lakini kuikosa kunauma: fomu 2368. Inawaambia watu wa mji kwamba nyumba hii unalala wewe mwenyewe, na inaondoa kodi ya shule hadi dola 18 kwa kila dola 1,000 za thamani ya kodi. Kwa nyumba ya thamani ya 100,000, ni dola 1,800 kwa mwaka. Inapelekwa kwa ofisi ya mji kabla ya 1 Juni ili bili ya kiangazi ishuke, au kabla ya 1 Novemba kwa bili ya baridi. Tena mujue: mwaka unaofuata baada ya kununua, thamani ya kodi inaruka, maana ile ya muuzaji ilikuwa imezuiwa isipande haraka. Bili aliyokuonyesha muuzaji si bili utakayolipa.

Sasa wanachama wa hapa mulioishi Michigan mukarudi. Hamukupoteza haki kwa kupanda ndege. Aliyekaa Michigan miezi sita au zaidi katika mwaka anaweza kuomba kwa mwaka huo, kwa pango la miezi aliyokuwa kule na mapato ya miezi hiyo. Aliyetoka mwezi wa nne hana. Na mtu aliyesahau, awe hapa au kule, ana miaka minne kuanzia tarehe ya fomu. Ya mwaka 2024 tarehe yake ilikuwa 15 Aprili 2025, mlango unafungwa Aprili 2029. Ya mwaka 2021 inafungwa Aprili 2026. Kila mwaka na fomu yake na namba zake. Mama yule wa Lansing aliyekataa deni, tumemwambia hivyo, na anatafuta risiti za zamani.

Ndugu wa majimbo mengine, Iowa, Kentucky, Maine, tunajua munasikiliza. Tuliyosema ni ya Michigan tu. Wisconsin nako wana kitu wanachokiita homestead, lakini hesabu yake ni nyingine.

Juu ya nani akusaidie. Kuna kazi ya bure inayoitwa VITA, ya watu waliofundishwa na kupimwa, na ukipiga 211 watakuambia mahali pa karibu. Uombe mkalimani mapema. Ukienda kwa wa kulipwa, asikubali kufanya kazi kwa asilimia ya krediti yako, atie sahihi yake pia kwenye karatasi, na pesa isiingie kwenye akaunti yake. Usitie sahihi fomu tupu. Mtu asiyekuuliza nani analala nyumbani mwako na nani analipa pango hajui anachojaza.

Kabla ya Jumapili ya wiki mbili zijazo, tutakapopigiana tena, muweke pamoja ndani ya bahasha moja: mkataba wa nyumba, risiti za pango za miezi kumi na miwili, W-2 za mume na mke, karatasi ya SSI au Social Security, karatasi ya DHHS kama iko, na bili mbili za kodi kwa wenye nyumba. Muandike kando namba tano za eneo la shule mulilokuwa mukikaa tarehe 31 Desemba, fomu inaziuliza na watu wanakwama hapo bure. Mukitutumia picha za fomu, mufunike namba ya Social Security kwa kipande cha karatasi kabla ya kupiga. Kwa kidole haitoshi. Safari iliyopita tulizisoma zote.

Sasa maswali. Mama wa pale dirishani aliinua mkono tangu mwanzo.